Terili haiombi maua, inaomba majani ya kudumu

Mwezi wa nane ukifika, sisi tunaoishi karibu na terili tunajua kitakachofuata. Upepo unaamka, vumbi inaingia mu nyumba, mu maji, mpaka mu bukari. Sisi wa sendika tunauliza: kipandwe nini pale juu?

Tulishaona kampani moja ikipanda gazon ya mu villa, juu wakubwa walikuwa wanakuja kutembelea. Mvua ilipokatika, yote ikakauka. Feza ilikwisha, vumbi ikabaki.

Lakini Katanga yetu ina majani yake. Vilima vya mukuba havina miti tangu zamani, juu mukuba mingi mu udongo inaua mizizi. Watafuta-mukuba walivitambua kwa upara ule. Pale panamea ua la mukuba, Haumaniastrum katangense, na majani mafupi, Microchloa altera.

Kuchagua kati ya hayo mawili njo kazi. Ua la mukuba ni zuri, lakini ni la mwaka mmoja: likishatoa mbegu linakufa, udongo unabaki wazi wakati wa kiangazi. Microchloa inaishi miaka. Mizizi yake inashika udongo hata bila mvua. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kiliijaribu mu udongo wa Penga Penga, kule kulikoangukia moshi wa usine ya Lubumbashi, iliyoanza kazi 1911. Ilivumilia. Ilipopewa mbolea ilikomaa vizuri zaidi. Tena inapandisha mukuba kidogo tu mu majani. Hiyo ni ya maana, juu mbuzi zetu hazisomi kibao.

Sasa tatizo. Vile vilima vyenye mbegu njo vinavyochimbwa. Mashini ikishapita, mbegu tutatoa wapi? Zivunwe mbele, na mashina yang'olewe na udongo wake, yatunzwe mu pepinieri. Mama zetu na wazee wa retreti wanaweza kufanya kazi hiyo, walipwe.

Kode ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inalazimisha kampani kutengeneza upya udongo iliouharibu. Basi mu mikutano tusitosheke na neno «tutapanda majani». Tuulize: majani gani? Mbegu ya wapi? Na nani atarudi kuyaangalia mwezi wa nane?