Malipo ya mkupuo yanavyoponza nyumba za Mji Mkongwe

KILA jioni wauza mishikaki, urojo na juisi ya miwa wanapowasha taa zao Forodhani, ng'ambo ya barabara kuna mahali ambapo mwenye nyumba yeyote wa Unguja anapaswa kupatazama kwa makini. Desemba 25, 2020 sehemu ya mbele ya jumba la Beit al-Ajaib, pamoja na mnara wake wa saa, iliporomoka. Wafanyakazi wawili walipoteza maisha. Jumba hilo lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 lilikuwa limebaki wima hata baada ya mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896. Lilianguka likiwa katika matengenezo.

Asiye na jumba la kifalme anaweza kudhani habari hiyo haimhusu. Inamhusu. Mwenye duka la kanga chini na makazi juu, au mkulima wa karafuu aliyerithi vyumba vitatu katika nyumba ya ukoo, naye anaishi ndani ya kuta za mawe ya matumbawe zilizoungwa kwa chokaa. Siku ya kutengeneza ikifika hukabiliwa na maswali mawili: nani apewe kazi, na alipwe vipi. Swali la kwanza huulizwa msikitini, sokoni na barazani. La pili huamuliwa kwa dakika tano, wakati ndilo linaloamua kitu gani kitaingia ukutani.

Utaratibu uliozoeleka ni wa mkupuo. Fundi huja, hupitisha macho, hutaja bei moja ya kazi nzima, hupunguziwa kidogo, kisha hudai nusu au zaidi mbele "ya vifaa". Kwa mkulima utaratibu huu una mvuto wake. Fedha ya karafuu huja kwa msimu, mauzo yanapofanyika kwenye vituo vya ZSTC, na kila mtu katika ukoo anajua kuwa imekuja. Kuna harusi, kuna ada za shule, kuna mgonjwa wa kupelekwa Dar es Salaam. Bora imfikie fundi kabla haijayeyuka. Hesabu hiyo si ya kijinga, ila inamhamishia fundi fedha yote pamoja na uamuzi wote.

Tazama sasa upande wa fundi. Aliyekubaliana bei moja ya kazi nzima, faida yake ni kile kinachobaki baada ya kununua vifaa na kulipa vibarua. Kila siku inayoongezeka inamla yeye. Kila mfuko anaoupunguza ni wake. Si lazima awe mwizi. Hata fundi mwaminifu, akiwa na nyumba nyingine inamngoja Bububu, atatafuta njia ya kumaliza haraka. Na katika nyumba za Mji Mkongwe njia ya haraka ina jina: saruji.

Chokaa ni kazi ya subira. Kwa desturi ya pwani mawe ya matumbawe hupangwa juu ya duara la magogo na kuchomwa, kisha chokaa huzimwa kwa maji na kuachwa ikomae. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika na kushika vizuri. Lipu yake hupigwa kwa tabaka nyembamba, tabaka moja ikingoja nyingine ikauke, na hunyunyiziwa maji ili jua la kaskazi lisiipasue. Saruji hupigwa leo, kesho imeshika, keshokutwa fundi amehama. Mwenye nyumba huona ukuta mgumu unaong'aa na hufurahi.

Tatizo liko ndani. Ukuta wa kale ni mnene, mara nyingi nusu mita au zaidi, na umejazwa mawe, udongo na chokaa. Hunyonya unyevu kutoka ardhini na chumvi kutoka baharini, kisha huutoa nje kupitia lipu ya chokaa yenye vinyweleo. Ukiufunika kwa saruji, maji hayapati pa kutokea. Hupanda juu zaidi, hulainisha udongo ulio katikati ya mawe, na chumvi husukuma lipu mpaka ibanduke kama ganda. Mwenye nyumba hulaumu bahari, huita fundi mwingine, na huyo huongeza saruji juu ya saruji. Baada ya masika kadhaa ukuta huanza kufura.

Boriti nazo zina hesabu yake. Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa mti wa mkoko, na kwa miaka mingi boriti nyingi zilitoka Delta ya Rufiji. Kazi yake si kubeba sakafu peke yake. Huzishika kuta mbili zisiachane. Fundi mwenye haraka anayeng'oa boriti zote za chumba kwa mpigo mmoja, bila kuegemeza kuta kwa nguzo, anaifungua nyumba kama mtu anayekata kamba za mzigo. Kipindi cha matengenezo ndicho kipindi ambacho nyumba ya kale huwa dhaifu kuliko siku zake zote. Nyumba nyingi zimeegemeana, kwa hiyo hata jirani ana haki ya kuuliza kazi inakwenda vipi.

Dawa ya mkupuo si kulipa kwa kutwa. Mfumo wa kutwa una ugonjwa wake: kazi ya wiki mbili huweza kufika Ramadhani ya mwaka unaofuata. Kinachofaa zaidi kwa mwenye kipato cha msimu ni kutenganisha vifaa na ufundi, kisha kuugawa ufundi kwa hatua zinazoonekana kwa macho.

Chukua mfano wa kazi ya shilingi milioni 12: kubadili boriti za chumba cha juu, kuziba paa na kupiga lipu kuta mbili. Tarakimu hizi ni za kueleza hesabu tu, si bei ya soko. Vifaa ni milioni 7, na mwenye nyumba huvinunua mwenyewe au kupitia mtu wake, akianza na chokaa ili ipate muda wa kukomaa. Ufundi ni milioni 5. Milioni 1 hulipwa baada ya jukwaa na nguzo za kuegemeza kusimama. Milioni 1 na nusu hulipwa boriti zikiwa zimekaa, kabla hazijafunikwa, mwenye nyumba akiwa amepanda kuzihesabu. Milioni 1 na nusu nyingine ni ya paa na lipu. Laki 5 ni ya kumalizia na kuondoa kifusi. Laki 5 za mwisho hubaki mkononi mwa mwenye nyumba hadi masika yapite.

Hizo za mwisho ndizo huzua ubishi, ingawa si jambo geni. Katika mikataba mikubwa ya ujenzi ni kawaida kuzuia asilimia 5 hadi 10 ya malipo mpaka kipindi cha matazamio kiishe. Fundi anayekataa katakata anastahili kusikilizwa, kwani huenda ameshawahi kudhulumiwa na wenye nyumba, na hao hawakosekani. Njia ya kati ni kumkabidhi fedha hiyo mtu anayeaminiwa na pande zote mbili, na kuandika makubaliano mbele ya sheha.

Maandishi yenyewe hayahitaji Kiswahili cha mahakamani. Karatasi moja yenye kazi zitakazofanywa, aina ya vifaa, hatua za malipo na tarehe inatosha kwa kazi ndogo. Neno moja tu lisikosekane: "lipu ya chokaa". Likiandikwa "lipu" peke yake, itakayokuja ni ya saruji.

Kabla ya yote hayo kuna kibali. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, ndiyo inayosimamia ujenzi katika eneo hilo, ambalo UNESCO ililiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Nyumba ikiwa ya wakfu, ridhaa ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inatangulia. Wengi huona safari hizo ni usumbufu, na kweli huchukua siku. Ila mwenye nyumba asiye mtaalamu hupata jicho la pili juu ya kazi yake, na kazi ikisimamishwa katikati hasara ya vibarua na vifaa vilivyolowa ni yake, si ya fundi.

Kuhusu nani apewe kazi, ujuzi upo hapa hapa kisiwani. Ukarabati wa Zahanati ya Kale iliyo mbele ya bandari, uliofanywa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni miaka ya 1990, uliwapa mafundi wa Unguja nafasi ya kujifunza upya kazi ya chokaa. Mfuko huo huo ulitengeneza bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa tena mwaka 2009. Fundi anayedai kuijua chokaa aombwe kuonyesha ukuta alioupiga lipu si mwezi uliopita, bali ulionyeshewa na masika mawili. Mwenye nyumba ile aulizwe fundi hayupo.

Aliyeuza karafuu zake mwishoni mwa mwaka bado ana nafasi. Paa lizibwe katika kiangazi, kati ya vuli na masika, na chokaa iwe shimoni inakomaa wakati huo. Lipu ya ndani ingoje kipupwe, Juni hadi Agosti, jua likiwa limepoa. Fundi na mwenye nyumba watakuwa wamekwishakutana chini ya dari hilo mara moja zaidi, mwishoni mwa Mei, kutafuta alama za maji. Dari likiwa kavu, laki tano hutoka mfukoni siku hiyo hiyo.