Umeme wa Mercedes kuukuu: kupima kabla ya kununua

Mercedes-Benz ya aina ya W124, iliyoanza kuundwa mwaka 1984, ni mfano mzuri wa jambo ambalo wanunuzi wengi wa magari ya kifahari yaliyozeeka, Suneka na kwingineko Gusii, hulitambua wakiwa wamechelewa, yaani kwamba gari lenyewe hushuka bei ilhali vipuri vyake havishuki. Hata hivyo, kinachokausha mfuko mara nyingi ni ubahatishaji, kwa kuwa fundi asiyepima hubadilisha betri, kisha alteneta, mtambo unaozalisha umeme injini inapozunguka, na hitilafu ikabaki palepale.

Mita ya umeme ya bei nafuu humwepusha mwenye gari na hasara hiyo. Betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na injini inapowaka kipimo kikipanda hadi karibu volti 14, alteneta haina kosa. Betri inayolala kila baada ya siku chache hudokeza umeme unaovuja gari likiwa limeegeshwa: uvujaji wa ampea 0.05 huvumilika, lakini nusu ampea humaliza betri ya ampea-saa 70 katika muda usiozidi siku sita, na starta hugoma mapema zaidi. Fyuzi huchomolewa mojamoja mpaka kipimo cha uvujaji kishuke, na hapo njia yenye kasoro hujulikana.

Fyuzi za W124 zina ncha zilizo wazi ambazo hushika kutu, hasa katika nyanda za mvua nyingi kama Kisii, na pengine kuzizungusha tu mahali pake hurudisha taa iliyozimika. Taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu kukwama wakati wa breki, ikiwaka huku injini ikitetemeka, mshukiwa wa kwanza ni rilei ya kuzuia volti kupita kiasi, ambayo viungo vyake vya risasi hupasuka na ambayo fundi wa redio anaweza kuilehemu upya.

Penye waya za injini za magari ya takriban 1992 hadi 1995, ubahili haufai, kwa sababu ganda lake humomonyoka kwa joto na kusababisha shoti. Waya zilizotolewa kwenye gari jingine la miaka hiyohiyo huwa na maradhi yaleyale, hivyo nafuu ya kweli ni kuweka waya mpya zinazostahimili joto na kubakisha soketi za zamani.