Mwanafunzi mlangoni, gunia la mchicha uani

Kila mwaka vyuo vinapofunga, wanafunzi hutawanyika mitaani na vijijini kwa mafunzo ya vitendo. Mjini Morogoro, penye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo tangu mwaka 1984, si jambo geni kumwona kijana na daftari lake akiuliza njia. Wako wanaopelekwa kwenye mashamba makubwa, na wako wanaopelekwa katika nyumba za watu, wakasaidie familia kupanda mboga na kuzungumza nao juu ya malezi. Hao wa pili ndio tunaotaka kuwaeleza leo, kwa kuwa mmoja wao tuliwahi kumpokea nyumbani kwetu kwa majuma manane.

Alikuwa binti wa chuo ambacho hatutakitaja. Aliletwa na mjumbe, akatoa salamu, akamwamkia Bibi shikamoo. Bibi akamtazama kuanzia juu hadi chini, kisha akamwambia: “Mwanangu, wewe hujazaa. Utatufundisha kulea?” Binti akajibu kwa adabu: “Bibi, ninachokijua ni kidogo, na hicho nacho nimekisoma tu. Nimekuja tusaidiane.” Jibu hilo lilimfungulia mlango.

Kazi ya kwanza iliharibika. Alisia mchicha kwenye tuta lisilo na uzio, na miche ilipochomoza kuku waliimaliza asubuhi moja. Binti alikaribia kulia. Bibi akamkumbusha mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba Muislamu akipanda, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. “Basi umekwisha toa,” akasema, “sasa tafuta gunia.”

Gunia likajazwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, katikati ikasimamishwa nguzo ya kokoto ili maji yafike chini, ubavuni yakatobolewa matundu ya kupandikizia miche. Matembele, ambayo hutambaa, yakapewa kona yake. Nafasi iliyotumika haikuzidi ya mkeka mdogo. Baada ya mwezi hivi tukaanza kuchuma.

Lakini mboga ni nusu ya habari. Palikuwa na mjukuu wa miaka 3, na kadi yake ya kliniki ilionyesha kuwa uzito umesimama. Sisi wakubwa tulikuwa tukisema ni umbo la ukoo. Tuliona haya baadaye, kwani chakula chake kikubwa kilikuwa uji wa sembe mtupu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliwakuta na udumavu watoto 3 kati ya 10 walio chini ya miaka 5 nchini Tanzania, na yamkini wengi wa wazazi wao nao walidhani ni umbo la ukoo. Binti hakumlaumu mtu. Alionyesha namna ya kutia karanga zilizosagwa na dagaa, na kupika majani kwa muda mfupi pamoja na mafuta kidogo, kwa sababu vitamini A haichukuliwi vyema na mwili pasipo mafuta.

Kisha akamwomba baba wa mtoto jambo dogo: baada ya sala ya Alfajiri amwagilie gunia akiwa na mwanawe, na azungumze naye. Kabla ya hapo, maneno ya baba kwa mtoto yalikuwa mawili, njoo na ondoka. Siku za mwanzo walimwagilia kimya. Baadaye tukawasikia wakihesabu majani, mtoto akiruka kutoka 4 hadi 7, na baba asimgombeze.

Tusiwasifu wanafunzi wote. Wako wanaokuja na fomu, wakajaza, wakaomba sahihi, wakatoweka. Na vyuo navyo huhesabu siku, havihesabu magunia. Wenyeji nasi tuna letu, maana aghalabu humpokea mgeni wa namna hii kama mpelelezi.

Binti alipoondoka, gunia lilikauka ndani ya mwezi. Kila mmoja alidhani mwenziwe amemwagilia. La pili alilipanda Bibi mwenyewe, mbegu akizitoa kwenye mashina yaliyobaki. Binti alipopiga simu kujulia hali, aliyepokea ni yule mtoto, akamweleza kwa kirefu habari za kuku.