Kichocho cha Wanawake

Miongoni mwa vitabu vya tiba vikongwe kuliko vyote vilivyotufikia ni hati ya mafunjo iliyoandikwa Misri yapata miaka 1800 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, nayo haikushughulika na majeraha ya askari wala homa za wafalme, bali maradhi ya wanawake. Na matabibu wa zama hizo, mwanamke alipowajia akiumwa hata macho, walikituhumu kizazi chake. Huku kwetu Kinango, Kenya, kosa limekwenda kinyume: kizazi ndicho kinachougua, na anayetuhumiwa ni mwanamke.

Theodor Bilharz, tabibu wa Kijerumani, aligundua mnyoo wa kichocho Cairo mwaka 1851, na mwaka 1899 tabibu Madden, papo hapo Cairo, akaeleza madhara yake katika uke. Lakini kichocho kikabaki vinywani mwa watu kuwa ugonjwa wa wavulana, kwani damu katika mkojo wa msichana hudhaniwa ni hedhi.

Katika nchi kavu ya Kinango, ambako mvua ni haba na bwawa ni la watu na ng'ombe pamoja, mwanamke huingia majini hadi magotini, akajaza dumu, akafua, akamwogesha mtoto. Na jua likiwa kali, konokono wadogo walioshika majani hutoa vimelea visivyoonekana kwa macho, vikapenya ngozi yake asijue. Minyoo ikikomaa hufanya maskani katika mishipa ya damu ya kibofu, ikataga mayai yenye mwiba, na yale yasiyotoka kwa mkojo hukwama katika shingo ya kizazi na kuta za uke, yakafanya mabaka ya manjano yenye chembechembe kama mchanga, yavujayo damu yakiguswa. Hapo ndipo huja uchafu wa ukeni, maumivu katika tendo la ndoa, na pengine utasa. Wazee husema ni chango. Zahanati aghalabu hutibu maradhi ya zinaa, na mume akilisikia neno hilo, ndoa huingia fitina bila ya hatia ya mtu.

Dawa ipo, nayo ni prazikwanteli, ila kwa muda mrefu imegawiwa zaidi watoto wa shule, mama zao wakaachwa, jambo ambalo naliona dhuluma bayana. Tena ikichelewa, minyoo hufa lakini mabaka huweza kubaki, hata mwanamke akaendelea kutokwa damu ilhali mkojo wake, ukipimwa, hauna yai hata moja.