Uhalisia pepe: faida na hatari za kuuhadaa ubongo

Uhalisia pepe humwingiza mtu katika mandhari iliyotengenezwa na kompyuta, kwa kumvisha miwani inayoziba macho yote mawili. Kila jicho huoneshwa picha iliyotofautiana kidogo na ya jicho la pili, na kwa hiyo ubongo huona umbali na kina. Vihisio hufuata mwendo wa kichwa. Anayegeuka huona kilichokuwa nyuma yake. Mwaka 1968 Mmarekani Ivan Sutherland alionesha kifaa cha aina hii kilichoshikiliwa na mtambo uliotoka darini. Siku hizi miwani hiyo huuzwa madukani, hasa kwa ajili ya michezo.

Lakini manufaa yake makubwa yako hospitalini. Aliyeungua moto huteseka mno anaposafishwa vidonda, na mara nyingi hata dawa kali hazimtoshi. Katika miaka ya 1990 Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walianza kuwavisha wagonjwa hao miwani. Katika mchezo wao, SnowWorld, mgonjwa hupita kwenye bonde la barafu akirusha mipira ya theluji huku muuguzi akiendelea na kazi yake. Wagonjwa walieleza kuwa maumivu yalipungua, kwa kuwa akili iliyozama kwingine huyapa nafasi ndogo. Miwani haiponyi kidonda wala haiondoi haja ya dawa. Hata hivyo, nafuu hiyo kwa mtoto aliyeungua inatosha kuipa teknolojia hii heshima. Mwaka 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu programu ya namna hii itumike kwa maumivu sugu ya mgongo.

Nguvu hiyo hiyo ya kuhadaa ndiyo inayodhuru. Macho yakisema mwili unakimbia na sikio la ndani likisema umetulia, mtu hupata kizunguzungu na kichefuchefu; wengine hutapika. Macho nayo huchoka, maana hulenga kitu kinachoonekana kuwa mbali ilhali kioo kiko karibu na uso. Asiyeona chumba alichomo hujigonga ukutani au humkumba mtoto anayepita.

Hatari isiyozungumzwa vya kutosha ni ya faragha. Ili ifanye kazi, miwani hulazimika kupima mwendo wa kichwa na mikono muda wote. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitumia vipimo vya mwendo vya watu 511, na kwa rekodi isiyofikia dakika tano ya kila mmoja kompyuta iliwatambua kwa usahihi wa takriban asilimia 95. Kufuta jina kwenye rekodi hizo hakutoshi kumficha mwenyewe, na kila mnunuzi anastahili kuelezwa hivyo dukani, kabla hajalipa.