Mashini ndogo ya kukata mbao kwa ordinateri: tupime kwanza, ndipo tununue

Ndugu wanamemba, wafugaji wa nyuki wa Uvira na wa kule juu kwenye Moyens Plateaux wanatuuliza: ile mashini ndogo ya kukata mbao inayoongozwa na ordinateri, inayoitwa CNC, inaweza kututengenezea mizinga? Tujibu kabla pesa ya koperative haijatoka kwenye kasha.

Inafika wapi?

Ile ya bei ndogo inayouzwa sana inaitwa 3018. Namba hiyo ni kipimo: inakata sentimita 30 kwa 18 tu. Kibao cha juu cha mzinga wa Kenya kina urefu wa karibu sentimita 48. Hakiingii. Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba itatoa mzinga mzima.

Lakini kuna kazi inayoiweza vizuri: kukata kiolezo. Kwa nyuki wetu wa Afrika, kibao cha juu kinatakiwa upana wa milimita 32. Kikizidi au kikipungua, nyuki wanajenga masega yanayounganisha vibao viwili, na siku ya kurina tunavunja yote. Mashini ikikata kiolezo kimoja sawasawa, seremala anakifata kwa msumeno na randa yake, hata siku umeme haupo.

Kujifunza

Mashini haina akili, inafata tu amri. Kuna hatua tatu: kuchora kipande, kupanga njia ya meshi, halafu kutuma amri kwa mashini. Programu za bure zipo, kama FreeCAD ya kuchora na Universal Gcode Sender ya kutuma.

Hapa ndipo wanaoanza wanakwama: meshi ina unene. Meshi ya milimita 3 ikipita juu ya mstari wenyewe, inakula milimita 1.5 kila upande. Kiolezo cha 32 kinatoka 29. Lazima tuiambie programu ipitishe meshi nje ya mstari.

Kisha tufate utaratibu huu:

- Tutumie ubao mkavu, ulionyooka. Mkaratusi mbichi unapinda.
- Tuufunge ubao kwa vibano, mbali na njia ya meshi.
- Tuweke sifuri kwenye kona moja ya ubao, tuitie alama ya kalamu.
- Mara ya kwanza tupitishe meshi hewani, juu ya ubao, tuangalie kama inazunguka pale tunapotaka.
- Tukate kidogo kidogo, milimita 1 kwa kila mzunguko. Tukilazimisha, meshi inavunjika.
- Tupime kipande cha kwanza kabla ya kukata cha pili.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashini inasahau ilipokuwa. Ile alama ya sifuri ndiyo itatusaidia kuanza tena bila kutupa ubao.

Usalama

Miwani ya kukinga macho na kitambaa cha pua ni lazima. Glovu hapana, mikono mirefu hapana, kitenge kinachoning'inia hapana: meshi inavuta. Mashini ikizunguka, mtu asiondoke. Vumbi la mbao linashika moto, tufagie kila siku.

Kwenye mkutano

Kabla ya kupiga kura, tuulizane mambo manne. Ordinateri tunayo? Meshi za kubadilisha tutazitoa wapi? Nani watafundishwa? Wawe angalau vijana wawili, msichana na mvulana, maana mmoja akihama ujuzi unaondoka naye. Na seremala wetu amekubali kufanya kazi na hicho kiolezo?

Kama majibu hayapo, chukueni rula ya chuma, mpime vibao vya mizinga mliyo nayo. Vikiwa tayari vina milimita 32, pesa hiyo inunue mizinga mipya.