Turbo ya Mtumba? Kuja na Doh ya Fundi

Mbogi ya Kanja, rada naijua. Bonus ya chai imeingia, sacco imekubali loan, na kuna Forester XT umeicheki kwa simu hadi betri ikadedi. Turbo. Skupu kwa boneti. Ile sauti ya boksa ikipanda kutoka Embu, stage yote inageuza shingo kabla ndai ionekane.

Wazae wana maoni, lazima. "Nunua Probox, ibebe mzigo." Tulia, mzae. Colin McRae alibeba Safari Rally ya 1997 na Impreza, Richard Burns akarudia na Impreza 2000. Nitajie mtoi mmoja huku aliwahi kubandika poster ya Probox kwa ukuta.

Lakini maze, turbo mtumba unainunua mara mbili. Kwanza unalipa seller, halafu unalipa fundi. Kama doh yote inaishia kwa seller, bado hujafika.

Anza na logbook. Boksa ya turbo ya lita mbili, ile EJ20, inaandikwa cc 1994. Ukipata 1498, hiyo ni Impreza ya kawaida imevalishwa beji ya STI, na ukiipark hapo soko umechoma picha wewe na ukoo. Fungua boneti. Chini ya skupu ya hizo EJ20 hukaa intercooler. Haiko? Skupu inakusanya mvua tu.

Fika mapema, kabla seller awashe. Asubuhi ya Kanja ina baridi, na baridi huanika injini. Gusa boneti: ikiwa na joto, huyo amekupangia. Washa, simama nyuma. Moshi wa bluu ni oil inaungua. Either turbo imechoka au ni ring. Sasa sikiza chini. Ukisikia ngo-ngo-ngo inayopanda na mafuta, injini inanoki. Rudisha funguo, sema asante, ishia. Hiyo overhaul itameza doh ya Probox ya mzae.

Vuta dipstick pia. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na oil ndiyo inaiweka hai. Mwaga kila kilomita 5,000, bila story. Timing belt ya EJ20 ni kila 100,000. Seller akisema "ilibadilishwa juzi" na hana risiti, kata hiyo bei hapo hapo.

Mafuta sasa. Ukiikanyaga, hesabu kilomita saba kwa lita. Oktoba 2023 super iligonga 217 pale Nairobi. Ndai ya kuenda kununua mkate na maziwa hii siyo.

Na zile zimefanyiwa mapping, straight pipe, zinatema risasi hadi ng'ombe zinakata kamba? Zinabamba, kweli. Achana nazo. Hujui nani alizichapa, wala alizichapa aje. Tafuta stock, yenye mwenyewe ana mafaili ya service. Hiyo ndiyo inafika Meru na kurudi.

Ukibaki na chenji, breki na tairi kabla ya rims na sabufa. Hii barabara yetu inapita Nithi, na Julai 2022 basi iliingia mtoni pale, watu zaidi ya 30 wakaenda. Kwa hivyo Jumamosi hii usinunue kitu. Ongeza doh ya fundi kwanza, halafu tupigie simu. Tutakuja na tochi tuikague pamoja.